Tupeane uzoefu: siku iliyokutesa kuliko zote ukiwa mlimani

Habari zenu wana jamvi. Mwenye kisa cha kupanda mlima kwa siku kadhaa atupie hapa, ile siku iliyomkamua haswa. Naanza mimi.

Kilimanjaro, njia ya Machame, siku ya 3. Watu wanaogopa usiku wa kilele lakini mimi nilitaka kurudi nyumbani siku ya Lava Tower, ule mwamba mkubwa kama mnara. Mnatoka kambi ya Shira kama mita 3,800, mnapanda mpaka hapo kwenye 4,600, halafu mnashuka tena kulala kambi ya Barranco 3,900 na kitu, yaani mwili uonje juu ila ulale chini ili uzoee. Saa sita hivi kichwa kikaanza kugonga, mvua ikageuka ya mawe, vidole vikafa ganzi nikashindwa hata kufunga zipu ya koti. Kiongozi akanifungia, akaniuliza, "Dada, leo umekojoa mara ngapi?" Nikamwambia mara moja, alfajiri. Akanisimamisha palepale, ninywe maji kidogo kidogo mpaka chupa iishe ndio tuendelee. Kutapika nilitapika, lakini tulivyoshuka tukaanza kuiona ile miti minene ya senesio kichwa kikaachia taratibu, jioni nikala supu sahani mbili.

—

Pole sana dada. Mimi yangu ni ya Mlima Meru, na kilichonitesa ni kushuka. Tumeondoka Saddle Hut, kambi ya mwisho, saa 8 usiku, kilele mita 4,562 tukafika jua linachomoza, Kilimanjaro ile pale mbele, raha tupu. Sasa siku hiyohiyo unarudi mpaka kambi ya Miriakamba, mita 2,514, hesabu mwenyewe ni mita elfu mbili na zaidi za kushuka na magoti yako. Buti zangu zilikuwa saizi kamili ya mguu, kosa kubwa, kila hatua vidole vinagonga mbele. Kucha mbili za vidole gumba zilikuwa nyeusi, wiki ya tatu zikang'oka. Nunua buti yenye nafasi mbele jamani na ukate kucha kabla.

—

Njia ya Naro Moru, Mt Kenya. Ule mteremko wa matope juu ya kambi ya Met Station, mvua imenyesha tangu asubuhi, unavuta mguu buti linabaki. Masaa manne hivyo. Siwezi sahau.

—

Mimi nimebeba mizigo Kilimanjaro miaka sita, naomba niseme ya upande wetu. Mzigo wa mgeni mwisho kilo 20, hapo vitu vyako mwenyewe hujaweka. Wageni wakiondoka sisi tunabaki kuvunja kambi, halafu tunawapita njiani ili wakifika wakute hema limesimama na chai. Siku ngumu kwangu ni ya kambi ya Barafu, ile ya mwisho kabla ya kilele. Kule hakuna maji, ya mwisho yako kambi ya Karanga, kwa hiyo ya kupikia, ya kunywa, ya kunawa, yote tunayapandisha wenyewe karibu mita 700 kwenda juu, upepo unakusukuma na dumu kichwani. Siku moja mwenzangu aliteleza dumu likapasuka, akarudi Karanga kuchota mengine, amefika giza limeingia anatetemeka hawezi kushika kikombe, tukamnywesha.

—

Kaka, nimesoma hii mara mbili. Barafu niliwekewa beseni la maji ya moto mlangoni kwa hema. Nilinawa uso tu, nikayamwaga.