Mrejesho: yule nesi wa kulia kwa matatu

Haya wadau nimerudi. Mwezi wa pili niliuliza kama kuna mtu amejaribu kaunseling ya simu, nikasema mimi ni nesi hapa Nairobi na nikitoka naiti nalia kwa matatu hadi Umoja. Mkasema jaribu.

Wiki ya kwanza niliona ni upuzi, netiwaki inakatika na mimi nimejifungia chooni ndio watoto wasisikie, lakini kaunsela akanielezea ati tangu 2019 Shirika la Afya Duniani linahesabu huu uchovu wa kazi, yaani burnout, kama tatizo la kazini, si ugonjwa, na dalili ni tatu: kuishiwa nguvu, moyo kujitoa kazini, na kuona hufanyi cha maana. Nilikuwa nazo zote, hiyo ya pili ndio iliniuma juu nilikuwa nimeanza kuita wagonjwa kwa namba ya kitanda.

Sasa kwa hiyo kaunseling ya simu tuko manesi sita, kila Jumatano usiku nusu saa, sheria ni hakuna kutaja jina la mgonjwa. Nalala. Lakini wodini bado tuko wawili kwa wagonjwa 40, hiyo simu haiwezi tatua, nimeandika barua ya kuhamishwa nangoja jibu.