Naomba ushauri: mathenge umechipuka tena baada ya kukatwa

Hamjambo wenzangu. Nina ekari 2 karibu na Marigat, Baringo, na mathenge, mti wa miiba, umezimeza karibu zote. Mti huu uliletwa kwetu miaka ya 1980 ili kuzuia jangwa na kutupatia kuni. Leo umefunga malisho na njia za mifugo. Mwaka jana nililipa vijana wakate kila shina. Mvua iliponyesha, kila kisiki kilitoa machipukizi tele, yenye miiba inayotoboa hata akala (viatu vya tairi). Mbuzi nao wanakula maganda ya mbegu kwa utamu wake, meno yanaoza, na mbegu zinatoka kwenye kinyesi zikiwa nzima, tayari kuota. Inaniuma sana.

Nimeshauriwa nichimbe, nikate mzizi chini ya ardhi, kina cha shubiri moja hivi. Wengine wanasema nipake visiki oili chafu, lakini naogopa kuharibu udongo na kisima. Aliyefaulu alifanyaje? Nikishang'oa, nipande nyasi gani haraka kabla miche haijarudi? Na kuna anayesaga maganda, mbegu zikavunjika, akalisha mifugo bila madhara?