Rimu za inchi 15 za Honda Fit kwenye Corolla 110: zimeingia, ila roho yangu inasita

Mama Zabibu

Wakubwa shikamooni, wengine habari za jioni. Naombeni ushauri kabla sijatoa hela.

Nina Corolla 110 ya mwaka 1998, namba A, niliachiwa na marehemu mume wangu. Inalala Nkuhungu, ila kazi yake ni Hombolo kwenye shamba langu la zabibu. Tairi zilizopo ni 175/70R13, pembeni zimechanika mistari kama nyayo za mtu aliyelima masika nzima peku. Rimu ni za chuma, mbili midomo imepinda. Kila duka la tairi naambiwa "mama, za 13 hatuna, weka kubwa".

Jirani yangu ana rimu nne za sport inchi 15 alizotoa kwenye Honda Fit, zimevaa tairi 185/65R15. Anasema ni nusu maisha, anataka laki nne na nusu. Mwanangu wa kidato cha nne ameshazipiga picha. Tumejaribu moja mbele Jumamosi, matundu manne kwa manne, ikaingia na nati zikashika.

Mimi sitafuti urembo. Gari inaburuza tumbo kwenye tuta la kuingilia mtaani kwetu, na kipande cha mchanga cha kwenda shambani ndiyo usiseme. Nikaona tairi kubwa itaninyanyua. Nichukue?

Dogo wa Area C

Chukua mama, 13 ni za toroli hizo 😂

Fundi Mstaafu

Mama, huyo dogo mwache, toroli halina stelingi.

Kuingia kwenye boli siyo kukaa kwenye gari. Matundu yanakubali kwa sababu Corolla yako na Fit zote ni 4x100, yaani toka katikati ya tundu moja hadi la mkabala wake ni milimita 100. Lakini angalia tundu kubwa la katikati. La Toyota yako ni milimita 54.1, la Honda ni 56.1. Hiyo rimu haikalii kwenye habu, kile kitovu cha gari kinachoingia kwenye tundu hilo, inaning'inia kwenye nati tu. Ukifika spidi 80 stelingi inaanza kutetemeka, na utazunguka kwa mafundi wa balansi hadi uchoke. Kuna ringi za kujazia hapo, zinauzwa, ila watu wengi hawazijui.

Nati nazo. Za Toyota zina ncha kama pia. Rimu ya Honda pale nati inapokalia pamechongwa mviringo kama kibakuli. Ncha ndani ya kibakuli inagusa ukingo mwembamba tu. Inakaza leo, keshokutwa imelegea. Jumamosi mlipojaribu mliendesha au mliishia kukaza tu?

Halafu urefu wa tairi, hapa ndipo penye kesi. Chukua kalamu. 175/70R13: asilimia 70 ya upana wa milimita 175 ni 122.5, ndicho kimo cha ubavu, mara mbili (juu na chini) 245, jumlisha inchi 13 ambazo ni milimita 330, unapata kama 575. Fanya hivyo hivyo kwa 185/65R15, unapata 621 na ushee. Tairi imezidi kimo kwa asilimia 8. Mshale ukisema 50, wewe uko 54, na unajua tochi za trafiki zilivyojipanga barabara ya Morogoro. Tena injini yako ile inaanza kubeba gia nzito.

Soma pia namba ya ET iliyochongwa kwenye rimu (milimita toka katikati ya upana wa rimu hadi uso unaogusa habu), na mwaka wa tairi: ni tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Rudi na majibu.

Mkaanga Sumu Kibaigwa

Niliwahi kuweka 15 za namna hiyo kwenye Corolla 100 yangu. Peke yangu gari safi kabisa. Siku nimepakia shemeji na magunia mawili ya mahindi, naingia kipilefti nimekata kona, kwaaaruuu! Tairi imekula plastiki ya ndani ya fenda. Kwenye mtetemeko ndiyo nilibadilisha beringi mbili bure kabisa, kumbe ni hilo tundu la katikati analosema fundi. Nimelisikia leo mara ya kwanza, miaka yote hii.

Mama Zabibu

Fundi, tuliishia kukaza tu. Nimeenda na tochi ya simu. Rimu imeandikwa 15x5.5J ET53. Tairi tatu zinasomeka 1114 na ya nne 0815. Nilipomwonyesha jirani akasema hizo ni namba za kiwanda!

Fundi Mstaafu

Ni za kiwanda kweli, kiwanda kimekwambia wiki ya 11 mwaka 2014. Kashata, yaani meno ya tairi, zinaweza kuwa bado ndefu, lakini mpira wa umri huo kwa jua la Dodoma umeshakuwa mkavu. Huyo jirani muage kwa heshima.

ET53 ni tatizo jingine. Corolla yako inataka kama 45. Namba ikipanda, gurudumu linaingia ndani. Ongeza na upana wa 185, ubavu wa tairi unasogelea shokapu kwa karibu milimita 13. Kwenye tairi lililorefuka namna hiyo, mimi nisingelala usingizi.

Tafuta rimu za inchi 14 za Toyota Vitz ya zamani, ile ya kwanza. 4x100, katikati 54.1, ET45, na nati zako zinakaa ukichukua za chuma. Vaa 175/65R14, kimo 583, tofauti na yako haifiki asilimia moja na nusu. Uzito inaobeba ni namba 82, yaani kilo 475 kila tairi. Kwa ndoo zako za zabibu inatosha.

Ila mama, tumbo halipandi kwa tairi. Kwa hizo za 14 utapata milimita 4. Chukua futi ya fundi cherehani, paki sehemu tambarare, pima toka katikati ya gurudumu hadi mdomo wa fenda, pande zote nne.

Mama Zabibu

Nyuma kushoto iko chini kuliko kulia kwa sentimita tatu na nusu! Miaka yote nilidhani ni barabara imelala.

Fundi Mstaafu

Springi imekatika au imechoka. Badilisha zote mbili za nyuma, usibadilishe moja.

Mama Zabibu

Narudisha majibu, wiki tatu zimepita. Springi ya kushoto ilikuwa imekatika koili ya chini kabisa, fundi akanikabidhi kipande mkononi. Rimu za Vitz nimepata nne, moja ilikuwa imepinda nikairudisha, nikabadilishiwa. Tairi mpya za 14, zimeandikwa mwaka jana. Kabla ya kulipa nilipakia wanangu wawili na jirani huyo huyo, nikakata stelingi kulia hadi mwisho, kushoto hadi mwisho, hakuna kilichogusa. Nati zilikazwa kwa mpishano kwa spana ya kipimo, 103 Nm, na niliporudi Hombolo nikazikaza tena. Mbili zilikuwa zimelegea kidogo.

Tuta la mtaani napita bila kusikia kitu. Mchangani nilinasa mara moja, ila hilo ni kosa langu, nilisimama kumsalimia mtu.

Sasa wilikapu za 13 hazikai kwenye 14. Ziko nne, safi, elfu ishirini zote.

Dogo wa Area C

Elfu kumi na mbili mama, nina toroli.