Ushauri: Nataka kuacha ajira nifanye dizaini kwa kujitegemea

Mama_Vifungashio:
Wakuu, habari za majukumu.

Nina miaka 31, naishi Tabata, Dar es Salaam. Ni msanifu wa grafiki kwenye kampuni ya uchapishaji. Mshahara ni shilingi 850,000. Wakishakata NSSF (hifadhi ya jamii), PAYE (kodi ya mshahara) na asilimia 15 ya Bodi ya Mikopo, ule mkopo wa chuo, mkononi inabaki kama 568,000. Usiku na wikiendi nafanya kazi za pembeni. Nina wateja wawili wa kudumu: mmoja anauza viungo na asali Kariakoo, mwingine ana mkahawa Arusha, namtengenezea menyu na matangazo ya Instagram. Kwa pamoja wananipa kati ya 300,000 na 450,000, ila kuna mwezi hawana kazi kabisa.

Ofisini sijagombana na mtu. Bosi ananiheshimu, na ujuzi wa mashine nimeupatia pale pale. Shida ni kwamba kazi ninayoipenda kwa moyo wote, kuijenga chapa ya biashara ndogo kuanzia nembo mpaka lebo ya chupa, naifanya saa nne usiku macho yakiwa mazito. Nina mtoto anaanza darasa la kwanza Januari, na mama anatibiwa kwa bima ya kazini kwangu.

Sasa ni Septemba. Niache kazi au nisubiri? Na nyie mliotangulia, mwezi ambao simu haiiti mnaishije? Nawasilisha.

FundiNembo:
Dada, usiache sasa. Oktoba hadi Desemba kazi zinamiminika: kalenda, shajara, kadi. Lakini kampuni nyingi zinalipa siku 30 au 60 baada ya ankara, kwa hiyo pesa ya Desemba unaweza kuiona Februari. Na Januari kila mzazi anawaza ada, hakuna anayewaza nembo mpya. Ukitoka leo utapigika hapo katikati. Kazi huanza kuamka kuelekea Ramadhani, halafu Sabasaba na Nanenane watu wanataka mabango, vipeperushi na fulana.

Jambo jingine, soma mkataba wako. Wateja wa kalenda wa kampuni yako ni wa kampuni, usiwaguse ukiwa bado ndani. Na kwa anayelipwa kwa mwezi sheria inataka notisi ya siku 28. Iandike vizuri, uondoke kwa heshima. Mji huu mdogo.

Mhasibu_wa_Mtaa:
Naongezea upande wa makato, maana wengi huusahau. Bodi ya Mikopo haikuachi ukiacha kazi. Aliyejiajiri anatakiwa kulipa asilimia 10 ya kipato chake, na si chini ya 100,000 kwa mwezi. Iweke kwenye hesabu kabla ya kodi ya nyumba.

NSSF nako, usitegemee fao la kukosa ajira, hilo si la aliyejiuzulu mwenyewe. Ila unaweza kuendelea kuchangia kwa hiari, na nakusihi uendelee.

Sajili jina la biashara BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kisha nenda TRA na TIN yako (namba ya mlipakodi) uwaeleze umebadili chanzo cha kipato. Kampuni ikikulipa kwa huduma itakata asilimia 5 ya kodi ya zuio. Dai cheti chake kila mara, kwa sababu kiasi hicho kinapunguzwa kwenye kodi yako ya mwaka.

Bahari_Mombasa:
Hujambo dadangu. Mimi wateja wangu wengi ni wa ng'ambo. Kule pesa ipo, lakini piga hesabu ya mkononi: Fiverr, soko la kazi mtandaoni, hukata asilimia 20, kwa hivyo kazi ya dola 100 inakuletea 80, na bado kuna gharama ya kuitoa. Huku Kenya tunatoa PayPal hadi M-Pesa tangu 2018. Wenzangu wa Tanzania ninaofanya nao kazi hutumia Payoneer, huduma ya kupokea malipo kutoka nje. Ijaribu njia yako kwa kiasi kidogo kabla hujakubali kazi kubwa.

Rangi4:
Mimi naona mnamsahau mtu mwenyewe. Huyu dada anajua mashine! Mtaani wamejaa vijana wanaotengeneza vitu vizuri kwenye simu, lakini faili likifika kiwandani halina CMYK (rangi nne za wino wa uchapaji), halina milimita 3 za ziada za kukatia, maandishi yameng'ang'ania ukingoni. Mjasiriamali anachapa lebo 5,000 za kutupa. Wewe ndiye wa kumwokoa.

Shikilia vifungashio, dada. Muuza asali anayetaka kuingia supamaketi anahitaji lebo yenye viambato, tarehe ya kuisha, nafasi ya alama ya ubora ya TBS na bakodi ya GS1 (shirika linalotoa namba za bakodi) inayoanza na 620, namba ya Tanzania. Anayeyajua hayo habishaniwi bei kama mchora nembo.

Na sikubaliani na FundiNembo kwamba ni kuacha au kubaki. Ongea na bosi. Muombe siku tatu kwa wiki kwa mshahara uliopungua, au akupe kazi kwa mkataba. Mtu anayekuheshimu hakatai kusikiliza.

Kuhusu mwezi mkavu: nusu ya malipo kabla hujafungua faili, marekebisho mara mbili, ya tatu yanalipiwa. Faili asili mteja anapata akimaliza deni. Yote muandikiane, hata kwa WhatsApp.

Mama_Vifungashio:
Asanteni sana, wakuu. Ile 100,000 ya Bodi sikuwa naijua, imebadilisha hesabu yangu yote. Nabaki hadi ada ya Januari ilipwe, na wiki ijayo naomba kuonana na bosi kuhusu siku tatu. Mteja wa asali nimeshamuuliza kuhusu bakodi, kumbe alikuwa anatafuta wa kumwelekeza.

Limebaki la bima ya mama.

Mhasibu_wa_Mtaa:
Hilo lianze kabla ya barua. Nenda ukaulize kadi yake inakoma lini ukitoka na ni mpango gani unampokea mtu wa umri wake. Ukiwa na jibu mkononi ndipo ukamwone bosi.