Tupeane uzoefu: kumwandaa mtoto wa kidato cha sita kwenda chuo, Kigoma na Tabora

Mzawa wa Ujiji
Wadau, habari za jioni. Kila mwenye ujuzi aweke hapa, lakini iwe hatua kwa hatua, siyo "Mungu atasaidia". Naanza na kinachokwamisha wengi kuliko ada: majina.

Bodi ya Mikopo (HESLB) inataka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo. Jina la mwombaji lenyewe linavutwa kutoka Baraza la Mitihani kwa namba ya mtihani wa kidato cha nne. Sasa huku kwetu mtoto anaandikishwa shule kwa jina la babu, halafu cheti kinakuja kutafutwa ukubwani kikiwa na jina la baba. Au shuleni ni Yusuph, kwenye cheti ni Yusufu. Kwa macho yetu ni mtu mmoja. Kwa mfumo ni wawili.

Kaeni mezani na cheti cha kuzaliwa, cheti cha kidato cha nne na namba ya NIDA, msome herufi kwa herufi. Fanyeni hivyo akiwa bado kidato cha tano. Kosa la herufi kwenye cheti cha kuzaliwa hupelekwa kwa msajili, ofisi za wilaya. Jina likiwa tofauti kabisa, muoneni wakili mapema, maana hilo halimalizwi kwa wiki moja.

Mwalimu wa Urambo
Nyongeza hapo, mkuu. Aliyerudia mtihani ana namba mbili za kidato cha nne. Aliyoombea mkopo ndiyo hiyo hiyo aombee chuo. Akichanganya, mkopo unatoka huku, udahili uko kule, havionani.

Aliyefiwa na mzazi ahakikishe cheti cha kifo nacho RITA. Barua ya mtendaji peke yake haitoshi. Bila hicho cheti, bodi inamhesabu ana wazazi wote na kiwango cha mkopo kinashuka. Kaya iliyo TASAF, ule mpango wa kusaidia kaya maskini, iandike namba yake, msione aibu.

Binti Steshenari, Kasulu
Naomba niseme ya upande wetu, maana fomu nyingi zinaharibikia mezani kwetu. Kurasa za sahihi zinachapwa, zinasainiwa na mwombaji, mdhamini, serikali ya mtaa au kijiji, na wakili au hakimu, kisha zinapandishwa tena kwenye mfumo. Makosa ni yale yale: muhuri umegongwa juu ya sahihi hadi haisomeki, picha ya mdhamini imesahaulika, karatasi imepigwa kwa simu na kivuli cha mkono kimekaa juu ya tarehe. Skani kwa mashine, fungua faili na usome kabla ya kutuma.

Namba ya simu iwe ya mwanafunzi mwenyewe, iliyosajiliwa kwa jina lake. Aliyechaguliwa vyuo zaidi ya kimoja hutumiwa namba ya siri ya kuthibitisha chuo anachokwenda. Ikiingia kwenye simu ya mjomba aliye shambani Kaliua, muda unapita.

Mama Sikonge
Jamani, na ile hela? Kuna wazazi wanadhani boom, yaani hela ya kujikimu ya mkopo, linamsubiri mtoto getini.

Mhasibu Kitete
Halimsubiri, mama. Lazima asajiliwe kwanza, na kusajiliwa kunataka ile sehemu ya ada ambayo mkopo haukuifunika iwe imelipwa, kisha ndipo asaini kupokea hela. Hela ya chakula na malazi ni 10,000 kwa siku tangu mwaka wa masomo 2023/24, lakini mpaka iingie anaishi kwa ya nyumbani. Mpangieni mwezi mzima: chakula 6,000 kwa siku ni 180,000, bado chumba. Mkulima wa tumbaku atenge siku ile ile malipo yanapoingia, asisubiri Oktoba.

Fomu ya afya ijazwe huku huku, hospitali ya Maweni au Kitete, kabla ya safari. Mwenye kadi ya NHIF kupitia mzazi aibebe, asije akatozwa bima mara ya pili.

Mzawa wa Ujiji
Safari nayo. Anayepanda treni ya Kigoma akitaka kuunganisha SGR, treni ya umeme, pale Dodoma, ajue steshini ni mbili tofauti. Aweke nafasi ya saa kadhaa na nauli ya bajaji.

Binti Steshenari, Kasulu
Na mawese, kaka! Watu wa Kigoma hatuachi dumu. Livalisheni kipande cha nailoni chini ya kifuniko, kisha mfuniko ukazwe juu yake, na dumu lisimame wima ndani ya ndoo, mbali na begi la nguo. Vyeti halisi vikae kwenye mkoba wa mkononi pamoja na nakala na picha za pasipoti. Dagaa wakaushwe tena juani siku mbili kabla ya kufungwa. Wakifungwa na unyevu wanavunda njiani, na bweni zima litajua nani katoka Kigoma.