Naomba ushauri: mgonjwa anaonyesha kooni, mimi nashuku umio (mrija wa chakula kutoka kooni hadi tumboni)

Habarini ndugu zangu wa tiba ya usemi na umezaji, pamoja na madaktari mliomo humu.

Nahudumu katika hospitali moja mashariki mwa Uganda. Nimeletewa mama wa makamo anayekwamwa na chakula. Ilianza posho (ugali), ikafuata matoke, sasa hata uji mzito anausukuma kwa maji. Ukimuuliza panapokwama, anaweka kidole kwenye kibonde cha shingo. Amekonda mno, gauni lake la gomesi linampwaya mabegani.

Midomo, ulimi na sauti viko sawa. Amekunywa maji mililita 90 mfululizo bila kukohoa. Dodoso la EAT-10, la maswali kumi kuhusu shida za kumeza, limevuka 3, alama ambayo kuanzia hapo tunahesabu kuna tatizo, lakini halinitofautishii koo na umio. Na tunajua mtu anaweza kuhisi kizuizi shingoni kumbe kiko chini kabisa, karibu na tumbo. Shida iliyoanza na vyakula vigumu ikafika kwenye vilaini inanitia hofu ya uvimbe. Nilimwandikia rufaa, akarudishwa kwangu na dawa za kupunguza asidi ya tumbo, eti aendelee na mazoezi ya kumeza. Mazoezi nimeyasimamisha, sioni yatamsaidia nini. Endoskopi (kipimo cha kamera ya kuangalia ndani ya umio) ni mpaka Kampala, na nauli ni mtihani kwa familia.

Naomba kujua: mnatumia maswali gani mafupi kuchuja matatizo ya umio, na mnayaandikaje kwenye rufaa ili ionekane ni ya haraka? Pili, akiwa anasubiri, nimwachie uji mwepesi tu, au kuna namna ya kumwongezea nguvu bila kumkwamisha?

Asanteni sana, nasubiri.