Mvinyo wote naona mchachu na mkali tu. Nianzie wapi kujifunza kuonja?

Mwanagenzi_K
Wakuu, salamu. Nataka kujifunza kuonja mvinyo kwa makini, si kunywa tu. Shida yangu ni kwamba kila chupa naiona chachu na kali, na mvinyo mwekundu unanikausha mdomo, basi. Nikisoma maelezo nyuma ya chupa naambiwa kuna cheri, vanila, ngozi, tumbaku. Mimi nasikia harufu ya mvinyo tu. Nianze na aina zipi, nifuate hatua gani, na mazoezi gani yanasaidia kweli? Naomba majibu ya vitendo na vipimo, maana ushauri wa "kunywa tu, utazoea" nimeshaupata wa kutosha.

PipaKuukuu
Mkuu, hayo matatu uliyoyataja, uchachu, ukali na kukauka mdomo, ndiyo hasa mwonjaji anayoyapima. Kilichobaki ni kuyatenganisha. Cheri na tumbaku ziache kwanza.

Kabla hujafungua chupa yoyote, fanya zoezi la maji. Tayarisha glasi nne za mililita 200. Ya kwanza koroga kijiko kimoja cha chai cha sukari, kama gramu 4. Ya pili tia kijiko kimoja cha mezani cha maji ya limau, mililita 15. Ya tatu ni chai ya rangi iliyokolea: vifuko viwili vya majani kwenye maji yaliyochemka, dakika 10, kisha ipoe bila sukari. Ya nne ni mililita 60 za vodka na 140 za maji. Vodka ya asilimia 40 ukiipunguza hivyo unapata kileo cha asilimia 12, kiwango cha mivinyo mingi.

Onja moja moja, sukutua sekunde tano, tema, halafu sikiliza mdomo unafanya nini. Sukari utaitambua papo hapo. (Ule mchoro wa ulimi unaosema utamu uko nchani na uchungu nyuma, usahau, si sahihi.) Limau litakutoa mate pembeni mwa ulimi, na mate yataendelea kuja hata baada ya kutema. Chai itakausha ufizi na mashavu, ulimi utakuwa kama una vumbi. Huo ndio ukakasi, na huo hauonjwi, unaguswa: tanini, kemikali za ukakasi zilizomo kwenye chai na mvinyo mwekundu, hushikana na protini za mate, utelezi wa mdomoni ukaondoka. Vodka utaisikia kama joto kooni na puani.

Sasa chukua yale maji ya limau, ongeza kijiko cha chai cha sukari, onja tena. Uchachu utaonekana umeshuka, na asidi ni ileile. Hapa ndipo wengi wanapopotea: wanadhani mvinyo mtamu hauna asidi, kumbe ipo mitamu yenye asidi kali kuliko mikavu, yaani isiyo na utamu. Uchachu upime kwa mate, usiupime kwa ladha. Tema, inamisha kichwa kidogo mbele, angalia mate yanachukua muda gani kutulia. Ukiweza hilo tu, umewapita wengi wanaotaja majina ya matunda kwa kubahatisha.

Zabibu_Kavu
Zoezi hilo ni zuri sana. Ukishalimaliza, nenda kwenye mvinyo, ila usionje chupa moja peke yake. Weka mbili pamoja, kwa sababu ulimi unajua "zaidi ya ile" kabla haujajua "nyingi".

Jozi ya kwanza, ya mvinyo mweupe: Sauvignon Blanc ambayo haikupita kwenye pipa, na Chardonnay iliyokaa kwenye mapipa ya mwaloni. Ya kwanza ni nyepesi, chachu, ina harufu ya majani mabichi, balungi na pasheni. Ya pili ni nzito mdomoni, ina vanila inayotoka kwenye mbao, na mara nyingi ina siagi. Siagi hiyo inatoka kwa bakteria wanaogeuza asidi ya maliki, iliyo kali kama ya tufaha bichi, kuwa asidi ya laktiki iliyo laini. Katika kazi hiyo huzalisha diasetili, ambayo ndiyo harufu ya siagi yenyewe.

Jozi ya pili, ya mwekundu: Pinot Noir na Cabernet Sauvignon. Tanini ya mvinyo mwekundu hutoka hasa kwenye maganda na mbegu. Pinot Noir ina ganda jembamba, hivyo kwa kawaida ukakasi wake ni mdogo na rangi yake ni hafifu. Kwa wewe unayelalamika kukauka mdomo, anza na Pinot Noir au Gamay, halafu panda taratibu. Jozi ya tatu, ya mweupe tena: Riesling mbili, moja kavu na moja yenye utamu kiasi. Hapo utaliona lile jambo la limau na sukari ndani ya glasi halisi.

Hatua zenyewe ni fupi. Mimina mililita 50 tu kwenye glasi iliyopanuka chini na kubana juu; ukijaza, harufu haina pa kukusanyikia. Inamisha juu ya karatasi nyeupe uone rangi. Nusa kabla ya kuzungusha, kisha zungusha, nusa tena kwa mivuto mifupi miwili mitatu. Kuvuta ndefu moja kunachosha pua. Chukua funda dogo, sukutua mpaka liguse ufizi na mashavu, vuta hewa kidogo juu yake, tema. Hesabu sekunde ambazo ladha inaendelea kubaki. Kisha andika mambo matano tu: utamu, uchachu, ukakasi, joto la kileo, uzito mdomoni. Kila kimoja ni kidogo, cha wastani au kingi. Andika kabla hujamwuliza mwenzako anaonaje.

Kutema si maringo. Glasi sita za mililita 50 ni mililita 300, asilimia 40 ya chupa nzima ya 750, na mtu aliyekunywa kiasi hicho hana tena kipimo cha kuaminika.

Kubwa kuliko yote ni joto la mvinyo, na ninashuku ndilo linalokusumbua. Mwekundu ukiunywa kwenye nyuzi 25, kileo kinapanda puani na kufunika matunda, unaona "mkali". Ukiunywa kwenye nyuzi 8, tanini inakaza na harufu inajificha, unaona "unakausha mdomo". Mwekundu mzito unataka nyuzi 15 hadi 18, mwekundu mwepesi 12 au 13, mweupe mwepesi 7 hadi 10, mweupe uliokaa pipani 10 hadi 13, wenye mapovu 6 hadi 10. Friji ya nyumbani iko karibu na nyuzi 4, kwa hiyo mweupe utoe robo saa kabla, na mwekundu uliokuwa kwenye chumba chenye joto uuingize nusu saa. Fanya jaribio moja: chupa ileile, glasi moja ya baridi na moja ya joto la chumba, uzionje bega kwa bega. Watu hudhani ni mivinyo miwili.

PuaKwanza
Nakubaliana na wote ila kwenye kuacha harufu sikubali. Sehemu kubwa ya tunachokiita ladha inapita puani kutokea nyuma ya mdomo. Ziba pua, weka mvinyo mdomoni: utapata uchachu, utamu, ukakasi, uchungu kidogo. Achia pua, na matunda yote yanatokea ghafla. Sasa kama pua ndiyo inayofanya kazi hiyo, kuifundisha kusisubiri.

Husikii cheri kwa sababu hujawahi kunusa cheri ukiwa umefumba macho na kulazimika kuitaja. Pua inatambua, jina ndilo halipatikani. Dawa yake iko jikoni: tia kwenye vikombe vyenye vifuniko karafuu, mdalasini, pilipili manga, ganda la limau, kipande cha pilipili hoho mbichi, tufaha, asali, kahawa, vanila. Changanya mpangilio, fumba macho, nusa, taja. Dakika tano kwa siku zinatosha. Utashangaa kushindwa kutaja kitu unachokitumia kila siku, na hapo ndipo mafunzo yanapoanza.

Na harufu hizi si mapambo ya wauzaji. Hoho unayoisikia kwenye Cabernet Sauvignon ni pirazini, kemikali zilezile zilizomo kwenye hoho. Pilipili manga ya Syrah, mwekundu mwingine, ni rotandoni, iliyomo pia kwenye pilipili manga yenyewe.

Ukiwa na glasi, usikimbilie jina. Jiulize kwanza kundi: ni tunda, ua, jani, kiungo, mbao au udongo? Kama ni tunda, ni la jamii ya limau, tunda jekundu au jeusi? Bichi, bivu, lililopikwa au lililokaushwa? Ukisema "tunda jekundu, bivu sana" umeshatoa taarifa ya maana. Gurudumu la harufu alilolitengeneza Ann Noble wa Chuo Kikuu cha California, Davis, miaka ya 1980 limepangwa hivyohivyo, kutoka kundi pana kwenda jina mahususi.

Angalizo moja: macho yanadanganya pua. Kwenye utafiti uliochapishwa mwaka 2001 na Gil Morrot na wenzake, wanafunzi 54 wa elimu ya mvinyo huko Bordeaux walipewa mvinyo mweupe uliotiwa rangi nyekundu isiyo na harufu, wakaueleza kwa maneno ya mvinyo mwekundu. Kwa hiyo mara mojamoja funika lebo kwa karatasi na utumie vikombe visivyoonyesha ndani. Zoezi bora ni la glasi tatu: mwenzako amimine mvinyo mmoja kwenye mbili na mwingine kwenye ya tatu, wewe utafute iliyo tofauti. Kubahatisha kunakupa moja kati ya tatu, hivyo rudia mara kadhaa kabla hujajisifu.

Siku ya kuonja usijipulize manukato, na kahawa au dawa ya meno viwe vimepita saa nzima.

Mwanagenzi_K
Asanteni sana wakuu, nimeandika yote. Matatu yamebaki. Nitajuaje chupa imeharibika na si ulimi wangu? Na michirizi inayoshuka kwenye glasi, ni kweli ikiwa mingi mvinyo ni bora? Halafu nikifungua chupa mbili kwa mililita 50, zilizobaki nazifanyaje?

Kizibo
Michirizi haihusiani na ubora. Kileo hukauka haraka kuliko maji, mvutano wa juu ya kimiminika unabadilika, mvinyo unapanda kwenye kioo kisha unateremka. Inakueleza kiasi cha kileo, na utamu kidogo.

Kuhusu kuharibika, jifunze manne. Harufu ya boksi lililolowa au stoo yenye ukungu ni ugonjwa wa kizibo, unaoletwa na kemikali iitwayo trikloroanisoli. Nanogramu chache tu kwa lita zinatosha, na haiondoki hata ukizungusha glasi saa nzima. Ikiwa kidogo sana husikii boksi, ila matunda yanakuwa yamekufa. Hii ndiyo inayowachanganya wanaoanza, wanadhani mvinyo ndivyo ulivyo. Rudisha chupa. Harufu ya yai bovu au kiberiti kilichowashwa hutokana na salfa wakati mvinyo umekosa hewa. Hiyo mara nyingi huondoka kwa kuzungusha au kuuacha wazi dakika 15, basi usiharakishe kumwaga. Siki au kiondoa rangi ya kucha: bakteria wa siki wamefanya kazi. Mvinyo mweupe mchanga uliogeuka hudhurungi na kunuka tufaha lililopondeka umeingiwa na hewa. Fuwele zinazong'aa chini ya chupa si kosa na hazidhuru. Ni chumvi za asidi ya tartariki zilizojitenga kwa baridi.

Kama chupa haina lolote kati ya hayo na bado huipendi, basi huipendi, na una haki hiyo. Andika sababu kwa yale mambo matano.

Lebo za mvinyo wenye mapovu nazo zinapotosha: "Extra Dry", yaani "kavu zaidi", ni tamu kuliko "Brut". Kwa kanuni za Ulaya, Brut ina sukari chini ya gramu 12 kwa lita, Extra Dry gramu 12 hadi 17, Demi-Sec 32 hadi 50.

Mabaki: adui ni hewa, na joto linaharakisha. Tafuta chupa safi ya mililita 375, ijaze mpaka shingoni mara tu unapofungua ile kubwa, ziba, weka friji, hata kama ni mwekundu. Ikijaa hivyo inakaa vizuri siku kadhaa. Chupa iliyobaki nusu yenye hewa nyingi ndani, hesabu siku tatu hadi tano kwenye friji, na ionje kila siku, maana kuufuatilia mvinyo unavyochakaa ni somo tosha. Wenye mapovu upe siku moja hadi tatu kwa kizibo maalumu kinachobana shingo. Kijiko kilichotumbukizwa mdomoni mwa chupa hakizuii chochote.